Kitabu cha katuni au filamu yake: mke na mume waanze na kipi?

“Kwenye kitabu haikuwa hivi.” Maneno hayo yakitamkwa mara ya tatu kabla filamu haijafika nusu, aliyekaa pembeni huacha kutazama filamu akaanza kumtazama msemaji. Hapo ndipo jioni inapoharibika, na kosa si la mwongozaji wala la mchoraji. Kosa ni la mpangilio: nani kasoma, nani hajasoma, na filamu yenyewe imekifanyia nini kitabu.

Watu wengi hushika kanuni moja tu: kitabu kwanza, filamu baadaye. Kwa riwaya ya maneno matupu kanuni hiyo ina mantiki yake. Kwa katuni haifai kubebwa hivihivi, maana katuni tayari ina picha. Ukisoma riwaya, sura ya mhusika unaichora mwenyewe kichwani. Ukisoma katuni umeshapewa pua, kovu, koti na rangi ya ukuta. Filamu ikija na pua nyingine, macho yanagoma. Kwa hiyo hapa njia zote mbili zinalinganishwa, kazi moja baada ya nyingine, na zimepewa nafasi zaidi zile zenye mke na mume ndani yake, kwa sababu ndizo huzua maneno mengi kwenye kochi. Miisho haitasemwa.

Tofauti zilizo muhimu kweli

Filamu ina saa yake. Ikianza inakwenda, na nyote wawili mnafika mwisho dakika ileile. Kitabu hakina saa; mmoja anameza kurasa tano wakati mwenzake bado anachungulia kilichoandikwa kwenye bango nyuma ya mhusika.

Halafu kuna mwanya. Kati ya kisanduku kimoja cha katuni na kinachofuata kuna kijia cheupe, milimita chache tu, na mambo mengi hutokea humo bila kuchorwa. Tuseme kisanduku cha kwanza kinaonyesha mke ameshika sufuria, mume yuko mlangoni na viatu mkononi. Kisanduku cha pili, sufuria iko sakafuni na mchuzi umefika hadi ukutani. Nani kaitupa? Mume anayesoma ataapa kwamba mke kairusha. Mke anayesoma ataapa kwamba imeteleza, na hata kama kairusha, hebu tazama saa ya ukutani inasema saa ngapi. Mchoraji kawaachia wenyewe. Filamu haiwaachii kirahisi hivyo. Ama sufuria ionekane ikitoka mkononi, ama kamera igeukie kwingine na mlio usikike, na kwa vyovyote vile mwongozaji keshachagua upande. Katuni ya maisha ya ndoa ikigeuzwa filamu, matukio mara nyingi yanabaki. Kinachopotea ni mianya hii.

Kingine ni kiputo, lile duara linalobeba maneno ya mhusika. Kiputo chenye mkia ni maneno. Chenye mapovu kuelekea kichwani ni mawazo, chenye kingo za miiba ni ukelele, cha mstari wa vidoti ni mnong’ono. Mume anaweza kusema “Sawa, mke wangu” ndani ya kiputo cha kawaida huku mapovu juu ya kichwa chake yakisema jambo jingine kabisa, na msomaji akaona yote kwa mkupuo mmoja. Filamu ina njia chache za kubeba hilo: sauti ya msimulizi, jicho la mwigizaji, au kuliacha lipite. Mwigizaji hodari analibeba kwa jicho. Sauti ya msimulizi ikizidi, mnakuwa mnasomewa kitabu gizani.

Na kuna hesabu ya muda. Katika utengenezaji wa filamu, ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kama dakika moja ya skrini, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni kurasa 120 hivi za skripti. Katuni ya Watchmen, iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, ilitoka kwa matoleo 12 kati ya 1986 na 1987. Ikiunganishwa inafika kama kurasa 400, nyingi zikiwa na mpango wa visanduku tisa. Maji ya ndoo hayaingii kikombeni. Lazima kiasi fulani kimwagike, na swali la anayechagua ni kujua kimemwagika kipi.

Kitabu kwanza

Ukianza na kitabu unapata hadithi kwa mwendo wako, unarudi nyuma, unaona kazi ya mkono. Ukifika kwenye filamu huhangaiki kujua nani ni nani, kwa hiyo unaweza kutazama uigizaji, mavazi na muziki. Kwa msomaji mmoja hakuna ubaya wowote. Ubaya unaanza pale mmoja kasoma na mwingine hajasoma:

“Subiri umwone huyu.”
“Huyu kafanya nini?”
“Sijasema kitu.”
“Umesema nisubiri. Basi si mtu mwema.”
“Baba watoto, tazama filamu.”
“Naitazama. Namtazama huyo mtu wako.”

Aliyesoma anaamini hajatoa siri, na kweli hakutaja jambo. Lakini “subiri umwone” ni siri tosha. Vivyo hivyo kucheka sekunde mbili kabla ya kichekesho, kuvuta pumzi kabla ya mlango kufunguliwa, na kusema “mmh” mhusika anapoahidi kurudi. Asiyesoma hufuatilia uso wa mwenzake kama anavyofuatilia skrini. Dawa ni aliyesoma akae upande ambao uso wake hauonekani, au akubali kunyamaza mpaka majina ya watengenezaji yaanze kupanda.

Filamu kwanza

Hapa nyote mnaingia mikono mitupu. Mnakosea pamoja kubashiri, na hiyo ndiyo raha yenyewe. Mkifungua kitabu baadaye, kila kilichokatwa kwenye filamu kinakuja kama nyongeza. Aliyetangulia kusoma hukaa kwenye filamu akihesabu vilivyopungua. Aliyetangulia kutazama hukaa na kitabu akihesabu vilivyoongezeka. Kwa wawili wanaoishi nyumba moja, hesabu ya pili ina amani zaidi, na ndiyo sababu ushauri wa hapa, kwa kazi nyingi zitakazotajwa, ni filamu kwanza.

Ina hasara zake. Sura za waigizaji hujiweka juu ya michoro na haziondoki haraka. Fumbo likishafumbuliwa kwenye filamu, kitabu cha mafumbo kinabaki na kazi ngumu. Na kubwa kuliko zote: watu hutazama filamu, wakasema “tutasoma,” kisha kitabu kikageuka cha kuwekea vikombe. Kama mnajijua ni wa namna hiyo, na kitabu ndicho bora, fuateni kanuni ya zamani.

Filamu iliyonakili picha

Katuni ya 300 ya Frank Miller, yenye rangi za Lynn Varley, ilitoka kwa matoleo matano mwaka 1998 na haifiki kurasa 100. Kila mchoro ulitandazwa kurasa mbili za toleo. Kitabu cha pamoja kikachapwa kwa umbo la kulala, kipana kuliko kirefu. Filamu ya Zack Snyder ya 2006, dakika 117, ilichukua michoro hiyo ikaifuata kwa karibu mno hivi kwamba kuna picha zinazolingana na kitabu hadi pembe ya mkuki.

Kilichoongezwa ndicho kitakachowapa la kusema. Kwenye kitabu malkia Gorgo anapita tu, anaonekana kidogo mumewe, mfalme Leonidas wa Sparta katika Ugiriki ya kale, anapoondoka. Filamu ikampa kisa chake mwenyewe huko Sparta, akipambana na wakuu wakati mumewe yuko vitani. Mmoja wenu atasema nyongeza hiyo inachelewesha vita. Mwingine atasema hiyo ndiyo sehemu pekee yenye mtu wa kuzungumza naye. Filamu ikiwa imenakili hivi, mpangilio hauna uzito. Mwenye haraka asome: jioni moja inatosha. Mwenye televisheni kubwa atazame. Kufanya vyote viwili wiki moja ni kula chakula kilekile mara mbili.

Filamu zilizokata

Persepolis ya Marjane Satrapi ilitoka Ufaransa kwa juzuu nne kati ya 2000 na 2003. Kitabu cha pamoja kina kama kurasa 340, zote kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Mwaka 2007 Satrapi mwenyewe, akishirikiana na Vincent Paronnaud, akaiongoza kuwa filamu ya uhuishaji ya dakika 95 hivi, iliyopata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka huohuo. Mwandishi ndiye aliyeshika mkasi, kwa hiyo “wameiharibu” hapa ni neno gumu kulitetea.

Hata hivyo mkasi umepita kwenye ndoa. Kitabuni, Marjane anaolewa akiwa kijana huko Tehran na uamuzi huo unamchachia mapema. Kisha kuna kipindi ambacho yeye na mumewe wanasanifu pamoja bustani ya burudani ya hadithi za kale za Iran kama kazi ya kuhitimu chuo, na kwa muda ugomvi unatulia kwa sababu wana kitu cha kufanya. Kipande hicho ni kidogo lakini mwenye ndoa atakitambua mara moja. Filamu inaipitisha ndoa hiyo mbio. Anzeni na filamu, mpate sauti, bibi yake na mwendo wa hadithi, kisha someni nusu ya pili ya kitabu taratibu. Kwa kurasa 40 kwa usiku, kitabu chote ni siku tisa.

Angalizo moja: sauti asilia ni ya Kifaransa. Maandishi meupe ya tafsiri juu ya picha nyeusi na nyeupe hupotea kila sehemu ya chini ya skrini inapokuwa nyeupe. Kabla ya kuanza, ingieni kwenye mipangilio mkayape maandishi rangi ya njano au kivuli cheusi nyuma yake. Hiyo ni dakika moja inayookoa “kasemaje?” arobaini.

Akira, katuni ya Kijapani, ni mkato wa aina nyingine. Katsuhiro Otomo alianza kuichora 1982 na kuimaliza 1990, juzuu sita, zaidi ya kurasa 2,000. Filamu yake, aliyoiongoza mwenyewe, ilitoka 1988, miaka miwili kabla kitabu hakijaisha. Kwa hiyo mwisho wa filamu ulitengenezwa kabla ya mwisho wa kitabu kuchapwa, na wahusika waliobeba juzuu nzima wanapita kwenye filamu kwa dakika chache. Filamu kwanza, bila ubishi: dakika 124 dhidi ya juzuu sita. Mkinunua juzuu, angalieni upande wa kusoma. Katuni za Kijapani husomwa kulia kwenda kushoto. Toleo la zamani la Kiingereza lenye rangi liligeuzwa kama kioo, na baadhi ya matoleo ya karibuni yanafuata mwelekeo wa asili. Asiyezoea hujikuta akisoma jibu kabla ya swali, akadhani wahusika wote wamerukwa na akili.

Mwenzake wa karibu ni Scott Pilgrim ya Bryan Lee O’Malley, juzuu sita kati ya 2004 na 2010. Filamu ya Edgar Wright ilipigwa kabla juzuu ya sita haijatoka, na mwisho wake ukarekebishwa baadaye. Kijana anapigana na wapenzi wa zamani saba wa msichana anayempenda. Filamu inawamaliza kwa kasi na rangi; kitabu kinawapa hao wapenzi wa zamani muda wa kuonekana watu. Kama nyumbani kwenu mada ya “yule wa zamani” bado ni ya moto, tazameni filamu tu mkalale.

Pale kitabu kinapotangulia

Watchmen ndiyo inayovunja ushauri wa filamu kwanza. Sababu ni namna kitabu kilivyojengwa, wala si hadhi yake. Sura ya tano imepangwa kama kioo: ukurasa wa kwanza una mpango wa visanduku uleule wa ukurasa wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, hadi mnafika katikati. Hilo hutaliona hadi urudi nyuma kwa kidole. Mwishoni mwa karibu kila sura kuna kurasa za maandishi matupu, kama nyaraka zilizookotwa, na katikati ya hadithi kuna kijana anayesoma katuni ya maharamia inayojibizana na mambo ya mtaani. Filamu inakwenda mbele tu. Haiwezi kukupa kitu ambacho kazi yake ni kukurudisha nyuma.

Filamu ya Snyder ya 2009 ina matoleo matatu, na kuchagua vibaya hapa kunakera. La kumbi za sinema ni dakika 162. La mwongozaji ni 186. La tatu ni 215, na ndilo lililoingizwa ile hadithi ya maharamia kwa uhuishaji. Waliosoma wachukue la 186. La 215 linawafaa waliolipenda sana, tena kwa jioni mbili, kwa sababu maharamia wanaokatiza kila mara hufanya kazi kwenye karatasi lakini kwenye skrini wanavunja mwendo. Mwisho wa filamu umebadilishwa. Ukijua hivyo mapema, hutaanza kupiga kelele dakika ya 150. Dakika za mwanzo, ambapo majina yanapita juu ya picha za miaka mingi ya mashujaa, zinazidi kitabu kwa ufupi wake, na msomaji mkali afadhali akubali hilo.

Kwa mwendo wa dakika moja na nusu kwa ukurasa, kurasa 400 ni saa 10. Mkipata saa moja kila usiku, filamu iwe ya siku ya kumi na moja.

Filamu iliyokijenga kitabu upya

A History of Violence ya John Wagner na Vince Locke ilitoka 1997, nyeusi na nyeupe. Mwenye mgahawa katika mji mdogo anawaua majambazi kwa kujitetea, magazeti yanamtangaza, na watu wasiofaa wanaanza kumtafuta. Hadi hapo kitabu na filamu ya David Cronenberg ya 2005, dakika 96, vinatembea pamoja. Halafu vinaachana. Kitabu kinakwenda kwenye mambo ya zamani na magenge ya New York. Filamu inabaki nyumbani na kuuliza swali la ndoa: mke anayeitwa Edie alale vipi na mtu ambaye huenda hamjui? Kitabu kinampa mke nafasi ndogo. Filamu, kupitia Maria Bello, inamweka katikati. Ngazi za nyumba yao zinasema mengi kuliko bunduki zote za hadithi.

Filamu kwanza, na huenda filamu pekee. Kitabu ni hadithi nzuri ya uhalifu. Filamu ni ya ndoa, na ina matukio ya chumbani na damu, hivyo watoto wawe wamelala kweli, si wanaojifanya.

Poulet aux prunes, inayopatikana kwa Kiingereza kwa jina Chicken with Plums, ni ya Satrapi tena: kitabu 2004, kilichopata tuzo ya albamu bora kwenye tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa, mwaka 2005, na filamu 2011 ya yeye na Paronnaud, safari hii kwa waigizaji wa kweli na rangi tele. Tehran, 1958. Mwanamuziki aliyevunjiwa ala na mkewe anaamua kulala kitandani angoje kufa, na inamchukua siku nane. Kitabuni ala ni tar, ya nyuzi, ya Kiirani. Kwenye filamu ni fidla. Wengine huona huko ni kuuza asili kwa watazamaji wa nje; upande wa pili ni kwamba fidla mtazamaji wa popote anaijua ikilia, na filamu hii inahitaji ilie.

Kipimo chake ni mke. Atakayesoma kwanza atamchukia kwa kurasa kadhaa, kisha atajikuta hana hakika. Atakayetazama kwanza atamwona Maria de Medeiros akiwa na uso uliochoka kabla hajasema neno, na huruma itamwahi. Hapa mpangilio unabadilisha mnayemtetea. Jaribio zuri: mmoja asome kwanza, mwingine atazame kwanza, bila kuzungumza. Kisha keti mezani muulizane swali moja tu, nani alimkosea nani kwanza.

Ndoa ya kila siku: American Splendor

Kama mnatafuta kazi moja tu inayohusu maneno ya kawaida ya mke na mume, ni hii. Harvey Pekar alikuwa karani wa mafaili katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Cleveland. Kuanzia 1976 aliandika maisha yake mwenyewe: foleni ya dukani, kitasa kilichovunjika, bosi, rekodi za jazi, ubishi wa jikoni. Hakuwa mchoraji. Alipanga visanduku kwa vijitu vya vijiti, kisha wengine wakachora, Robert Crumb akiwa wa kwanza kujulikana kati yao. Ndiyo maana Harvey wa ukurasa huu ana mgongo uliopinda na nywele zinazotoka jasho, na wa hadithi inayofuata anakaribia kuwa mtanashati.

Filamu ya 2003 ya Shari Springer Berman na Robert Pulcini, saa moja na dakika 40 hivi, iliyopata tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance, ikaligeuza tatizo hilo kuwa mchezo. Paul Giamatti anamwigiza Harvey, Hope Davis anamwigiza mkewe Joyce Brabner, na Harvey na Joyce wenyewe nao wamo, wakizungumza na kamera na kuwatolea maneno wanaowaigiza. Joyce anapowasili Cleveland kwa mara ya kwanza hajui atapokewa na yupi kati ya akina Harvey aliowaona kwenye michoro. Waongozaji hawakujaribu kuficha kwamba picha na mtu ni vitu viwili. Ni wachache sana wanaoigeuza katuni kuwa filamu na kuwa na ujasiri huo.

Sasa linganisha sauti ya mke. Katika sehemu kubwa ya matoleo ya katuni, Joyce anaonekana kwa macho ya Harvey: analalamika, anaugua, anapanga, anaondoka, anarudi. Kwenye filamu anapata uso wake na mzaha wake mkavu. Lakini mahali anaposikika kikamilifu ni Our Cancer Year, kitabu cha 1994 walichokiandika wote wawili na kuchorwa na Frank Stack, juu ya ugonjwa wa Harvey na nyumba waliyokuwa wakiinunua wakati uleule. Mume anaugua, mke anabeba mifuko, wafanyakazi wa nyumba wana maswali, na hakuna mtu aliyelala. Ubishi wao humo haupambwi. Filamu inakipitia kipindi hicho kwa ufupi kwa sababu haina namna nyingine.

Kwa hiyo: filamu kwanza, halafu mkusanyo wowote wa hadithi fupi za American Splendor, halafu Our Cancer Year. Hadithi fupi zinafaa sana kusomeana kwa sauti, mmoja akichukua vipande vya Harvey na mwingine vya Joyce. Our Cancer Year si cha kuanza nacho usiku ambao mmoja wenu ana homa.

Kwa upande wa vichekesho vyepesi kuna Blondie ya Chic Young, iliyoanza 1930 kwenye magazeti; Blondie na Dagwood wakafunga ndoa Februari 1933, baada ya Dagwood kugoma kula ili wazazi wake matajiri wakubali. Kati ya 1938 na 1950 zilitengenezwa filamu 28, Penny Singleton akiwa mke na Arthur Lake akiwa mume. Katuni ya gazetini ina visanduku vitatu au vinne na kichekesho hukaa cha mwisho. Filamu ya zaidi ya saa moja haiwezi kuishi kwa mtindo huo, kwa hiyo inabidi itafutiwe kisa: kazi imepotea, bosi amekuja, fedha hazitoshi. Visanduku ndivyo vinavyoshinda. Someni kumi kwa siku; mkisoma mia mfululizo, mtaona Dagwood anamgonga mtu wa posta kila baada ya kurasa chache na mtachoka.

Mashujaa wenye mavazi ya kubana wana shida nyingine: hakuna “kitabu” kimoja cha kusoma kwanza. Peter Parker, yaani Spider-Man, alimwoa Mary Jane kwenye katuni mwaka 1987, na ndoa hiyo ikafutwa kwenye hadithi iliyoanza 2007, kana kwamba haikuwahi kufungwa. Filamu huchota kidogo hapa, kidogo pale. Tazameni filamu, anayetaka kusoma achague hadithi yenye mwanzo na mwisho, asinunue rafu nzima.

Kusoma wawili kitabu kimoja

Mwenye mwendo mdogo ndiye anayeshika kona ya ukurasa. Sheria hii moja inaondoa nusu ya manung’uniko.

“Umemaliza?”
“Bado.”
“Kisanduku hicho hakina hata neno.”
“Ndiyo maana nakitazama, mke wangu.”

Yuko sahihi. Kisanduku kisicho na neno ndicho msomaji mwepesi hukiruka na ndicho mchoraji alichokitolea jasho. Taa iwe nyuma ya bega, si mbele, maana karatasi ya kung’aa hurudisha mwanga machoni kwa mmoja wenu. Kitabu kinene cha pamoja humeza viputo vilivyo karibu na mshono. Usikikandamize kwa nguvu mpaka gundi ikatike, kifungue kidogokidogo kutoka pande zote mbili, kurasa ishirini ishirini, kabla ya kuanza.

Kwenye kishikwambi, skrini chini ya inchi 10 haitoshi watu wawili. Zimeni ule mwonekano wa kisanduku kimoja kimoja: unasaidia kwenye simu, lakini unavunja ukurasa ambao mchoraji aliupanga uonekane mzima, na kwa Watchmen au 300 mtakuwa hamjasoma kitu. Mchoro wa kurasa mbili ukija, lazeni kifaa.

Na kwenye filamu, kila mmoja apewe ruhusa ya kusimamisha mara tatu. Mkitumia zote, dakika tano kila moja, filamu ya dakika 96 inakuwa chini kidogo ya saa mbili na dakika kumi, bado mnalala mapema. Aliyemaliza zake na bado ana la kusema aliandike. Kama mmoja hapendi katuni kabisa, msimsukumie kitabu. Mtazame Poulet aux prunes, kisha kitabu kiachwe mezani kikiwa wazi kwenye ukurasa ambao ala inavunjwa. Asipokigusa kwa wiki mbili, kirudishwe kabatini, na aliyekisoma asimwambie kwamba kwenye kitabu ilikuwa tar.